Namba ni yako, hata kama telefone si yako



Msimu uliopita, siku ya kupima kahawa ilihamishwa kutoka Alhamisi kuwa Jumatano. Sekretere akapigia watu wote wa kwenye liste. Mama mmoja mjane hana telefone. Kwenye liste iliandikwa namba ya shemeji yake. Shemeji alikuwa safarini, habari ikabaki kwake. Alhamisi mama akafika na kahawa yake mgongoni, hakukuta mtu. Na mnajua, kahawa nyekundu haingoji: ikivunwa inapaswa kuingia kituo cha kuosha siku ileile, ama sivyo inaanza kuchacha. Akaiuza njiani kwa bei ya kutupa.

Hapo nikakumbuka kitu kilichofanyika Marekani, mjini Seattle, mwaka 1991. Wakati ule telefone za mkononi zilikuwa za watu wenye pesa. Mtu asiye na nyumba anaenda kuomba kazi, patro anamuuliza: «Tukupigie wapi?» Akitoa namba ya makao anamolala, patro anapiga, anasikia kwamba ni makao ya maskini, na kazi inapotea.

Watu waliokuwa wanasaidia wasio na kazi wakaanzisha huduma iliyoitwa Community Voice Mail. Hawakugawa telefone, waligawa namba. Kila mtu alipewa bure namba yake mwenyewe, yenye sanduku la kuhifadhi sauti. Anajirekodi: «Ni mimi fulani, niachie ujumbe.» Anayepiga anasikia sauti ya mwenyewe, hajui analala wapi. Jioni, mwenye namba anatafuta telefone yoyote, ya barabarani au ya rafiki, anaingiza kode yake ya siri, anasikiliza. Mashirika mengi ya mji yalitumia mashine moja, kila moja likiwagawia watu wake namba. Njo maana gharama ilikuwa ndogo.

Haikuwa juu ya kazi tu. Daktari aliacha ujumbe, mwenye nyumba ya kupangisha pia. Hata mwanamke aliyekimbia bwana mwenye kumpiga aliweza kupata habari za watoto bila kuonyesha aliko. Mwaka 1993 mpango huu ulipewa zawadi kubwa ya kitaifa, kisha ukaingia miji mingine.

Kwetu mashine kama ile haiko. Lakini kadi ya SIM ni rahisi kuliko telefone, na inaandikishwa kwa jina la mwenyewe. Koperative ikiwa na telefone moja kwenye depo, mwanachama anakuja na kadi yake, anaiweka, ujumbe ulioandikwa unaingia, anasoma au anasomewa na mtu anayemwamini. Mtandao hautunzi ujumbe muda mrefu, kwa hiyo aje walau kila siku mbili wakati wa mavuno. Na kadi ikikaa miezi bila kutumiwa, kampuni inaweza kuikata.

Angalisho moja: kadi isibaki depo. Kama una pesa kwenye telefone, kode yako usimpe mtu, hata sekretere, hata mimi agronome. Ukimaliza kusoma, futa ujumbe, toa kadi, rudi nayo nyumbani.

Kwenye kikao kijacho, ombeni liste isomwe kwa sauti. Kila namba, ulizeni: hii ni ya mwanachama, ama ni ya shemeji?