Kutoka utingo hadi dereva: Nini humsubiri anayejifunza kuendesha lori kubwa Port Bell?

Barabara ya Port Bell, inayopita Bugolobi, Kitintale na Luzira hadi ufukweni mwa Ziwa Victoria, ni nyembamba kwa mzigo inaoubeba. Malori ya bia na ya makontena hugombea nafasi na bodaboda, teksi na watembea kwa miguu. Kwa kijana aliyepata leseni ya magari makubwa juzi tu, kilomita hizi chache zaweza kuwa mtihani mgumu kuliko mamia ya kilomita za barabara kuu ya kwenda Mombasa.

Na mtihani wenyewe si wa mzaha. Takwimu za polisi ya Uganda zinaonesha kwamba zaidi ya watu 5,000 walipoteza maisha katika ajali za barabarani mwaka 2024. Lori la tani kadhaa likikosa breki, anayelipa gharama mara nyingi si aliyeketi nyuma ya usukani, bali aliyekuwa kando ya barabara akiuza mahindi.

Kwa nini malori, na si meli?

Port Bell, iliyopewa jina la Hesketh Bell, mtawala wa Kiingereza nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, ilijengwa ili mizigo ipite majini na kwenye reli. Kwa miaka mingi mabehewa yaliingizwa moja kwa moja ndani ya meli na kuvushwa ziwa. Mwezi Mei 2005 meli mbili za mabehewa, MV Kabalega na MV Kaawa, ziligongana ziwani na Kabalega ikazama. Safari za Mwanza kwa meli ya MV Umoja zilirejea mwaka 2018, lakini sehemu kubwa ya bidhaa za Uganda ilikuwa imekwishazoea lami. Kati ya Mombasa na Kampala kuna takriban kilomita 1,170, na lazima awepo wa kuziendesha.

Shule ya kiti cha kushoto

Kwa desturi ya Afrika Mashariki, dereva wa lori hakutoka darasani. Alianza kama utingo: kufunga turubai, kubadili tairi, kulinda mzigo usiku, kupika chai kando ya barabara. Akiwa ameketi kiti cha kushoto alitazama mikono na miguu ya mkubwa wake, na siku moja, penye barabara nyoofu isiyo na askari, akakabidhiwa usukani.

Njia hiyo imetoa madereva hodari, na kuidharau ni kukosa adabu. Kasoro yake ni kwamba utingo hurithi kila kitu pamoja, maarifa na tabia mbaya. Tena hana karatasi yoyote ya kuthibitisha anachokijua. Sheria nayo inamtaka apande ngazi za leseni, kutoka gari dogo hadi magari ya mizigo ya kati, kisha makubwa, na daraja jingine kwa lori lenye trela.

Ndiyo maana kampuni kubwa za usafirishaji huichukulia leseni kama tiketi ya kuingia mlangoni tu. Mwombaji kwa kawaida hupimwa macho na afya, huulizwa maswali ya sheria, kisha hupelekwa uwanjani. Hapo wengi hushangaa, kwa kuwa jambo la kwanza si kuwasha injini bali ni kulizunguka gari kwa miguu: matairi, nati za magurudumu, taa, mabomba ya upepo wa breki, kiungo kati ya kichwa na trela. Mwenye uzoefu wa miaka kumi huiona kazi hiyo kuwa ya mtoto, hadi anapoulizwa ni lini alitazama mara ya mwisho pini inayolishika trela.

Kisha huja kurudi nyuma. Usukani ukikatwa kulia, mkia wa trela huelekea kushoto. Akili huelewa katika dakika moja, mikono huchukua siku kadhaa. Siri inayorudiwa na wakufunzi ni kwenda polepole, kukata usukani kidogo kidogo, na kushuka kutazama pale macho yasipofika. Dereva anayeona haya kushuka ndiye anayebomoa kuta.

Mteremko ndio mwalimu mkali

Somo lenye kubeba roho za watu ni la kushuka milima. Kwenye ushoroba huu kuna jina linalojulikana na kila dereva: Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret nchini Kenya. Si mbali na hapo, katika njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023 lori lililoshindwa kudhibitiwa liliyagonga magari mengine na wafanyabiashara wa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki.

Kwa miaka mingi baadhi ya madereva wameshuka miteremko hiyo gia ikiwa huru, wakiamini kwamba wanaokoa mafuta. Imani hiyo ina mantiki yake, hasa kwa dereva anayepimwa kwa lita anazotumia kila safari. Lakini fizikia inasema vingine. Gari likiwa ndani ya gia, injini yenyewe hulizuia. Gia ikiachwa huru, kazi yote huangukia breki za magurudumu, ambazo hupata moto na kupoteza nguvu, huku kukanyaga mara kwa mara kukimaliza upepo kwenye matangi. Na kinachowashangaza wanafunzi zaidi ni hiki: injini za kisasa za dizeli hukata mafuta kabisa gari linaposhuka likiwa ndani ya gia bila dereva kukanyaga mafuta. Gia ikiwa huru, injini hulazimika kuendelea kuchoma mafuta ili isizime. Hasara mara mbili, basi.

Mkufunzi humtaka mwanafunzi achague gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mlima. Anayeendesha tangi la mafuta huongezewa fundisho jingine: tangi lililojaa nusu ni gumu kuliko lililojaa, kwa sababu kimiminika hicho husukuma gari mbele baada ya breki kushikwa, na hulivuta upande kwenye kona.

Uzito nao una sheria. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori zima, na kila ekseli ina kiwango chake. Gari laweza kuwa chini ya tani 56 na bado likakamatwa kwenye mizani, kwa kuwa mzigo umepangwa vibaya na kuelemea upande mmoja.

Mpaka, kufuli na Kiswahili

Safari ya kwanza nje ya nchi hufanywa chini ya macho ya dereva mzoefu. Huko Malaba au Busia mgeni hugundua kwamba nusu ya kazi ni karatasi na subira. Mwanzoni mwa 2022, mgogoro kuhusu vipimo vya Uviko-19 ulisababisha foleni za kilomita nyingi mpakani na uhaba wa mafuta Kampala. Mizigo mingi inayopita kuelekea nchi nyingine hufungwa kufuli ya elektroniki, na mamlaka za mapato hufuatilia lori njia nzima. Kusimama mahali pasiporuhusiwa huleta maswali.

Halafu kuna lugha. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, lakini madereva walikuwa wamelipitisha azimio hilo siku nyingi. Kijana aliyekulia Luzira akizungumza Luganda hawezi kuelewana na fundi wa matairi wa Mlolongo bila Kiswahili.

Nani alipe?

Mafunzo haya ni ghali: gari linalofundishia haliingizi pesa, na aliyefundwa anaweza kuhamia kampuni nyingine mwezi ujao. Marekani, ambako mafunzo ya awali yamekuwa lazima tangu Februari 2022, baadhi ya kampuni humsomesha dereva na kumfunga kwa mkataba. Akiondoka mapema hudaiwa ada. Uganda imejaribu njia nyingine. Shirika la Safe Way Right Way, likisaidiwa na GIZ ya Ujerumani na shirika la Uingereza la Transaid, limeendesha mradi wa kuwafunza madereva wa malori na mabasi, ukisukumwa kwa sehemu na mahitaji ya sekta ya mafuta. Bomba la kutoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na mabomba yake yamesafirishwa kwa malori.

Anayemaliza mafunzo ya kampuni mara nyingi hapewi Mombasa siku ya pili. Huanza na safari fupi za mjini, mchana, akiwa na kifaa kinachorekodi kasi na kila breki ya ghafla. Kwa dereva wa Port Bell hiyo ina maana ya kupanda na kushuka kati ya Luzira na Nakawa, wiki baada ya wiki, nyuma ya bodaboda zilezile.