Nasaba, Kigezo na Maonyesho: Ng'ombe wa Asili wa Mbulu na Hanang katika Mizani ya Sungura wa Masikio Yanayoning'inia

1.0 Utangulizi

Ng'ombe wengi wa Tanzania ni wa asili, na wataalamu huwaweka katika kundi moja la zebu wa pembe fupi. Ndani ya kundi hilo zimo mbari kadhaa zilizopewa majina ya mahali, ya jamii au ya rangi, kama vile Wamasai, Wekundu wa Iringa, Weupe wa Singida na Wairaqw, ambao pia huitwa ng'ombe wa Mbulu. Mbari hii ya mwisho huhusishwa na nyanda za juu za Mbulu na maeneo jirani ya Hanang, katika Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002. Hata hivyo, jina la mbari ni jina la orodha tu. Halimwambii mnunuzi ni dume lipi lililozaa mtamba anaouona mnadani, wala halimwambii mtaalamu ni madume mangapi yanayobeba mbari yenyewe.

Makala haya yanafafanua uhusiano wa mambo matatu: nasaba iliyoandikwa, kigezo cha kuhukumia mnyama, na maonyesho. Ili uhusiano huo uonekane wazi, unatumika mfano wa ufugaji ambao mambo hayo matatu yamekomaa ndani yake, yaani ufugaji wa sungura wa masikio yanayoning'inia huko Ulaya na Marekani. Hoja inayojengwa ni kwamba mbari ya Mbulu inahitaji kumbukumbu za nasaba, lakini kigezo kitakachoambatana nazo kikiazimwa kutoka katika maonyesho ya umbo, kinaweza kuidhuru mbari kuliko kukosa kigezo kabisa.

2.0 Nasaba iliyoandikwa ni nini

Kujua nasaba ya mifugo si jambo geni kwa wafugaji wa Afrika Mashariki. Mfugaji wa Kiiraqw au wa Kibarabaig humtaja ng'ombe kwa mama yake, kwa rangi yake na kwa njia iliyomfikisha zizini. Kilicho kipya ni kuiweka kumbukumbu hiyo katika daftari linaloweza kusomwa na mtu asiyemjua mfugaji. Uingereza ilichapisha daftari la farasi mwaka 1791, na la ng'ombe wa Shorthorn likafuata mwaka 1822 kwa juhudi za George Coates. Tangu hapo, kizazi safi kimesimama juu ya nguzo tatu: daftari linaloonyesha wazazi, kigezo kinachoeleza mnyama bora anavyopaswa kuwa, na mwamuzi anayempima mnyama kwa kigezo hicho mbele ya watu.

Nguzo hizi hazina uzito sawa. Daftari huhifadhi habari, ilhali kigezo huamua ni mnyama yupi atazaa. Kwa hiyo kosa lililomo katika kigezo haliishii uwanjani, bali huingia katika damu ya vizazi vijavyo.

3.0 Mfano wa sungura

Sungura wa kawaida husimamisha masikio na kuyageuza kuelekea sauti. Wafugaji wa Uingereza walichagua waliozaliwa na masikio yaliyolegea, wakawazalisha wao kwa wao hadi akapatikana English Lop, ambaye masikio yake hupimwa kwa rula kutoka ncha hadi ncha. Baadaye, nchini Uholanzi, Adriaan de Cock alichanganya sungura wa masikio marefu na sungura wadogo sana, akapata Holland Lop. Kizazi hiki kilikubaliwa nchini mwake mwaka 1964, na chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani kikakitambua mwaka 1979.

Udogo wa Holland Lop hutokana na aleli ya udumavu. Sungura aliyerithi aleli hiyo kwa mzazi mmoja huwa mdogo, mnene na mwenye kichwa cha mviringo, na huyo ndiye anayependwa na waamuzi. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hufa mapema baada ya kuzaliwa. Sungura wawili wenye umbo la ushindi wakipandishwa, kwa wastani robo ya watoto wao hufa, robo hukosa udogo unaotakiwa, na nusu tu huwa kama wazazi. Kigezo kimechagua umbo ambalo haliwezi kuzaliana bila vifo.

Masikio nayo yana gharama zake. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Veterinary Record mwaka 2019, uliowalinganisha sungura 15 wa masikio yanayoning'inia na 15 wa masikio yaliyosimama, uliona matatizo zaidi ya tundu la sikio na ya meno katika kundi la kwanza. Sampuli hiyo ni ndogo na haitoshi kufunga mjadala, lakini inaonyesha kwamba sifa inayoshinda uwanjani yaweza kuwa mzigo kwa mnyama mwenyewe.

4.0 Mbari ya Mbulu bila daftari

Katika nyanda za juu za Mbulu ng'ombe ni sehemu ya shamba. Tafiti kuhusu Wairaqw zinaeleza kilimo cha eneo dogo kinachotegemea samadi, ng'ombe wanaolala ndani ya nyumba, na desturi ya kukopesha mifugo kwa kaya nyingine. Mkopaji hupata maziwa na samadi, naye mwenye ng'ombe hupunguza hatari ya kupoteza kundi zima kwa ugonjwa au ukame wa mahali pamoja. Kijenetiki, desturi hiyo ina faida nyingine: husambaza uzao na kuzuia dume moja kutawala.

Mazingira ya desturi hiyo yamebadilika. Huko Hanang, mashamba makubwa ya ngano yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970 yalichukua takriban ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig katika nyanda za Basotu. Malisho yanapopungua, makundi hupungua na madume hupungua zaidi. Wakati huohuo, uhimilishaji na madume ya kigeni vimeleta chotara wenye maziwa mengi. Faida yao ni ya kweli, na si busara kumlaumu mfugaji anayeifuata. Hata hivyo, nguvu ya chotara huwa kubwa zaidi katika uzao wa kwanza, na uzao huo hauwezi kupatikana bila jike wa asili. Jike wa asili akitoweka, chotara naye hupoteza chanzo chake.

5.0 Hesabu ya madume

Idadi ya ng'ombe peke yake haionyeshi usalama wa mbari. Kanuni ya Sewall Wright huzidisha idadi ya madume kwa idadi ya majike, kisha kwa nne, na kugawanya kwa jumla yao. Kundi la majike 200 na madume 5 lina ukubwa fanisi wa takriban 20 tu, na undugu ndani yake huongezeka kwa takriban asilimia 2.6 kila kizazi. Majike haohao wakihudumiwa na madume 20, ukubwa fanisi hufikia takriban 73 na ongezeko hushuka hadi asilimia 0.7. Kikomo kinachotajwa mara nyingi katika uhifadhi ni ukubwa fanisi wa 50, sawa na ongezeko la asilimia 1.

Ndiyo maana dume mmoja mshindi, akitafutwa na kila zizi, anaweza kuwa hatari. Daftari la nasaba ndilo linaloweza kuonyesha hatari hiyo kabla haijaonekana kwa macho.

6.0 Kigezo kinachofaa

Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya mwaka 2010 imeweka msingi wa kumtambua mnyama na mmiliki wake. Hereni ya sikioni hutaja mnyama. Ikiongezwa namba ya mama na ya dume, huwa mwanzo wa daftari. Jukwaa nalo lipo, kwa kuwa kila Agosti wafugaji wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara hukutana katika maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya Themi, Arusha.

Jukwaani hapo, mnyama mwenye umbo kubwa na kiwele kikubwa huvuta macho upesi. Sifa za ng'ombe wa Mbulu hazionekani kwa namna hiyo. Zimo katika idadi ya ndama aliokuza, miaka aliyoishi akizaa, uvumilivu wake kwa kupe na ndigana, na hali ya mwili wake mwishoni mwa kiangazi. Kwa hiyo, kigezo kinachofaa kinapaswa kumhukumu jike kwa kumbukumbu zake za zizini, na dume kwa mabinti zake, huku rangi na pembe vikipewa alama chache.

7.0 Hitimisho

Sungura wa masikio yanayoning'inia wanaonyesha kwamba daftari sahihi linaweza kuhifadhi kwa uaminifu sifa inayomuumiza mnyama. Mbari ya Mbulu iko upande wa pili: ina sifa zilizopimwa na mazingira kwa muda mrefu, lakini hazijaandikwa popote pa kudumu. Kazi ya kwanza, basi, ni kuandika wazazi wakati wazee wanaozijua nasaba hizo bado wapo. Kazi ya pili ni kuwapa wafugaji wenyewe nafasi ya kutaja ng'ombe bora ni yupi, kabla mwamuzi hajaingia uwanjani.