Katikati ya "kabla" na "baada"

Mtu wa Arusha akicheka mbele ya watu wa Dar es Salaam, hana haja ya kutaja kwao. Meno yamekwisha kumtambulisha: yana michirizi ya kahawia, mengine kama yamelowekwa kwenye chai ya rangi. Nimekulia Arumeru, chini ya Mlima Meru, na picha zangu zote za utotoni nimefumba mdomo.

Huko kwetu kuna mahali panaitwa Maji ya Chai, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, na wageni hudhani jina hilo limeshaeleza kila kitu. Halijaeleza. Kinachotia doa ni floraidi, nayo haina rangi wala ladha. Inatoka kwenye miamba ya volkano, inayeyuka ndani ya chemchemi na visima, na mtoto anaimeza wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi. Kuchemsha maji hakuiondoi. Magadi tunayotia kwenye makande ili maharage yaive upesi nayo huongeza yake. Mtoto akifika miaka minane hivi, meno yake ya mbele yamekwisha kujengeka, na doa limo ndani.

Hilo la "ndani" ndilo linaloamua tiba. Mkaa, ndimu na chumvi tulivyosugulia shuleni vilikwangua jino, doa likabaki palepale. Hata kusafishwa na daktari, kule kuondoa ugaga na weusi wa chai, kahawa na sigara, hakugusi floraidi. Mara ya kwanza nilitoka kliniki fizi zikiuma, nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyoegeshwa nje: meno masafi kabisa, ya kahawia.

Siku hizi simu zetu zinatangaza tiba moja tu, vinia, yaani vigae vyembamba vya kauri vinavyogandishwa mbele ya meno. Unaonyeshwa picha ya "kabla" na picha ya "baada". Katikati hapaonyeshwi, na katikati ndipo ilipo mashine ya kusagia. Ili kigae kikae sawasawa, mara nyingi daktari husaga kama nusu milimita ya uso wa jino, ilhali enameli ya meno ya mbele unene wake ni kama milimita moja, na karibu na ufizi ni nyembamba zaidi. Ikishaondoka haioti tena. Kauri nzuri hudumu miaka 10, 15, pengine zaidi. Kijana wa miaka 22 anayevaa leo ajue atarudi kubadilisha zaidi ya mara moja maishani. Kofia ya jino inakula zaidi, kwani jino husagwa pande zote likabaki kisiki. Ina kazi yake kwa jino lililovunjika au lililotibiwa mzizi. Kuvishwa kofia kumi kwa ajili ya rangi tu ni kukata vidole ili kiatu kienee.

Tena meno yenyewe huwa mazima. Frederick McKay, daktari wa meno aliyefika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, alikuta wenyeji wana madoa kama yetu, akaja kushangaa kwamba meno hayo hayaozi kirahisi. Mpaka 1931 ndipo ilipojulikana kuwa sababu ni floraidi ya majini. Sizungumzii yale yaliyoathirika sana, yenye vishimo, yanayobanduka vipandevipande. Hayo yanahitaji kufunikwa. Lakini la kwangu lilikuwa jino gumu, lenye rangi mbaya tu.

Kwa jino kama hilo kuna kazi ndogo za kuanzia. Daktari anaweza kusugua doa kwa asidi iliyochanganywa na unga wa jiwe la pumisi, akaondoa utando mwembamba sana wa juu. (Pumisi nayo ni jiwe la volkano. Mlima ulionipaka ndio ulionipangusa.) Hufanywa kwenye kiti cha daktari, si bafuni. Kisha ipo jeli ya peroksaidi, unayovaa usiku ndani ya trei iliyotengenezwa kwa umbo la meno yako. Doa la chai laweza kufifia kwa wiki mbili; la floraidi hutaka muda zaidi, meno husisimka kwa maji baridi, na mwanzoni mabaka meupe hujitokeza kuliko awali. Niliogopa, nikadhani nimeharibiwa. Yakatulia. Panapobaki doa sugu, hupakwa kompositi, ileile ya kuzibia matundu, ikagandishwa kwa taa ya buluu siku hiyohiyo. Humeguka na kubadilika rangi baada ya miaka kadhaa, ila hutengenezeka.

Nilisuguliwa, nikavaa jeli, nikaishia hapo. Meno ya juu sasa yana rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ya chini nimeyaacha.

Kabla ya hapo, kliniki moja ilikuwa imenikadiria vigae kumi, na mwanya wangu ungezibwa humohumo, kana kwamba mwanya ni ugonjwa. Nikauliza nitasagwa kiasi gani, na kigae kikibanduka nitabaki na nini chini yake. Wakanionyesha picha nyingine ya "baada".