Mvuke Ulivyofukuzwa Lancashire

Injini za mvuke za Uingereza hazikufa kwa uzee. Ya mwisho kuundwa kwa ajili ya shirika la reli la taifa, Evening Star, ilitoka karakana ya Swindon mwaka 1960. Mwaka 1965 ikaondolewa kazini. Mashine ya kudumu miongo kadhaa ilistaafishwa katika umri ambao punda bado anahesabiwa kijana. Mpango wa kuachana na mvuke ulikuwa umetangazwa tangu 1955. Waliopanga na walioagiza injini, inaelekea, hawakuwa wakinywa chai pamoja.

Mvuke ulisukumwa hadi Lancashire, kaskazini-magharibi mwa nchi, na kufikia Agosti 1968 yalibaki mabanda matatu tu ya injini za njia kuu: Carnforth, Lostock Hall karibu na Preston, na Rose Grove mjini Burnley. Injini zake zilikuwa zimejaa masizi, vibao vya majina vimeng'olewa, mvuke ukivuja kwenye viungo. Uchafu huo ulikuwa na sababu. Moto ulipaswa kuwashwa saa nyingi kabla ya safari. Injini ikirudi, mtu alisafisha tanuri, akakokoa jivu, akachota kwa koleo masizi yaliyojaa chini ya bomba la moshi. Enzi hizo kazi zilipatikana, na kijana aliyeweza kupata zamu kwenye kiwanda chenye paa hakuona kwa nini ameze vumbi la makaa. Wapenzi wa reli ndio waliojitolea kusugua injini usiku, bila malipo, ili picha zao zitoke vizuri.

Agosti 11, 1968, garimoshi la kuaga liliondoka Liverpool, likapitia Manchester hadi Carlisle na kurudi. Nauli ilikuwa gini 15, zaidi ya nusu ya mshahara wa wiki wa kibarua wa kiwandani. Ulikuwa moshi uleule ambao wakazi walikuwa wameuvuta bure maisha yao yote, tena wakiulalamikia. Kesho yake marufuku ya mvuke kwenye njia kuu ikaanza.

Kuachana na mvuke hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa pupa. Injini za dizeli za Clayton, zilizoanza kuundwa mwaka 1962, zilifika 117, na kufikia 1971 zote zilikuwa zimeondolewa. Na mkoa uliokalia makaa yake wenyewe ukaanza kutegemea mafuta ya kuagizwa ng'ambo.

Pigo lilifika hadi viwandani. Waundaji wa injini Beyer, Peacock wa Gorton, Manchester, walifunga milango mwaka 1966. Hao ndio waliounda, mwaka 1955 na 1956, injini 34 za Garratt za daraja la 59 kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki, zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Za mwisho zilistaafu mwaka 1980, miaka 12 baada ya Lancashire kuzima moto wake. Mojawapo, Mount Gelai, iko Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Msomaji aliye karibu akaitazame.