Bwana Shamba Apiga Zilipendwa

Mimi ni Bwana Shamba wa kata moja mkoani Morogoro. Mchana natembelea mashamba. Lakini kila Ijumaa saa 2 usiku naketi katika chumba kidogo cha redio yetu ya jamii. Hapo napiga nyimbo za zamani kwa saa moja. Nyimbo hizo ndizo tunazoziita zilipendwa.

Watu huniuliza, "Bwana Shamba na muziki, wapi na wapi?" Basi nitaeleza.

Redio ya jamii ni redio ya watu wa mahali. Sauti yake haifiki mbali, na watangazaji wengi hujitolea. Mimi pia silipwi. Mwanzoni nilipewa kipindi cha kilimo, kila Jumanne saa 4 asubuhi. Saa hiyo mkulima yuko wapi? Yuko shambani, na redio iko nyumbani. Nilizungumza miezi mitatu. Msikilizaji niliyemjua kwa hakika alikuwa mke wangu, naye alisema nasema haraka mno.

Ndipo nilipoomba saa ya usiku. Wakati huo watu wamekwisha kula, na wengine wanapukuchua mahindi. Lakini mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri hataki kufundishwa saa nzima. Anataka kupumzika. Kwa hiyo niligawa kipindi. Dakika 55 ni za nyimbo na salamu. Dakika 5 ni za kilimo. Hizo dakika 5 naziweka katikati. Nikiziweka mwisho, watu watazima redio na kulala.

Kipindi kilipendwa mara moja. Morogoro na muziki wa dansi ni ndugu wa zamani. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba walipiga hapa, mpaka alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa katika Morogoro Jazz. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Wazee wetu waliucheza muziki huo kwa miguu yao wenyewe. Mimi nilizaliwa mwaka 1980. Mbaraka alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1979, kwa ajali ya gari huko Kenya. Nilikuwa nawapigia watu nyimbo ambazo wao wanazijua kuliko mimi. Hilo sikulifikiri.

Ijumaa moja ya mwezi Machi nilipiga wimbo wa Shida. Nikasema, "Huyo ni Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz." Kisha nikaingia katika dakika zangu 5. Nilieleza habari za viwavijeshi vamizi. Wadudu hawa waliingia nchini mwetu mwaka 2017, nao hupenda sana mahindi. Niliwaomba wakulima wakague mahindi yao mara mbili kwa wiki. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Jumatatu asubuhi nilisikia hodi ofisini. Aliingia bibi mmoja, umri wake unapita miaka 70. Alikuwa amebeba kitu bapa, amekifunga kwa khanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuuliza. Ule wimbo wa Ijumaa ulisema umepigwa na nani?"

Nikajibu kama nilivyosema redioni. Bibi akafungua khanga. Ndani mlikuwa na santuri ndogo, nyeusi, yenye mikwaruzo mingi. Akaweka kidole kwenye karatasi ya katikati. Akasoma polepole, herufi kwa herufi, mpaka akamaliza: Super Volcano.

Bibi alikuwa na haki. Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Wimbo wa Shida ni wa bendi hiyo ya pili.

Bibi alinieleza kwamba santuri ile ilinunuliwa na marehemu mume wake. Kwa miaka mingi aliitambua kwa rangi ya karatasi yake tu. Kusoma hakujua. Mwaka jana aliingia darasa la watu wazima katika shule ya msingi. Alipoweza kuunganisha herufi, jambo la kwanza alilofanya nyumbani ni kuitoa santuri sandukuni.

Nilicheka kidogo, nikasema, "Bibi, jina la bendi tu hilo." Yeye hakucheka.

"Mwaka 1973 redio ilituambia tuchimbe vyoo," akasema. "Tukasikiliza kwa vikundi, tukachimba. Siku zile tuliamini kilichosemwa. Sasa wewe kama bendi huijui, huyo mdudu unamjuaje?"

Wazee mnakumbuka. Ile ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walishiriki.

Maneno ya Bibi yalinichoma. Niliuliza kama yeye amekagua mahindi yake. Akasema hapana. Na majirani? Nao hapana. Penye mashine ya kusaga walikuwa wamezungumza habari ya Super Volcano siku mbili. Habari ya viwavijeshi hawakuitaja.

Nilichukua baiskeli yangu, tukaenda shambani kwake. Mahindi yalikuwa bado mafupi. Tulitazama katikati ya mmea, pale majani mapya yanapotokea. Tulikuta matundu, na kinyesi kilichofanana na unga wa mbao. Nilimtoa kiwavi mmoja nikamwonyesha Bibi kichwa chake. Kina alama kama herufi Y iliyopinduliwa. Bibi akaitazama sana. "Y naijua," akasema. Tulipita mistari yote tukiwaponda kwa mkono. Walikuwa wadogo bado, na shamba lilikuwa dogo, kwa hiyo njia hiyo ilifaa. Majirani walikuja kutazama tunafanya nini, kisha wakaenda kukagua ya kwao. Mmoja alikuwa amechelewa. Robo ya mahindi yake ilikuwa imekwisha kuliwa.

Ijumaa iliyofuata sikuanza na wimbo. Nilianza na kosa langu. Nilitaja bendi zote mbili na mwaka 1973. Kisha Bibi, ambaye nilimwomba aje, alisoma karatasi ya santuri mbele ya kinasa sauti. Alichukua muda mrefu. Mwenzangu wa mitambo alinipa ishara ya kwamba dakika zinakwisha. Nikamwacha Bibi amalize.

Tangu siku hiyo natayarisha nyimbo kama ninavyotayarisha shamba la mfano. Kila wimbo nauandika kwenye daftari: mwimbaji, bendi, mwaka kama naujua. Nisipoujua siutaji. Wasikilizaji huleta kanda zao za zamani, nasi tunazihamishia kwenye kompyuta. Mzee mmoja alinisahihisha habari za NUTA Jazz, na barua yake niliisoma yote hewani. Barua nyingine zina mistari miwili tu, na maandishi yanapanda na kushuka. Hizo nazisoma kwanza.

Iko shida moja ambayo bado haijakwisha. Santuri ya Bibi hatujaweza kuipiga. Redio yetu haina gramafoni. Tulitangaza, na mtu mmoja wa kijiji cha jirani akaleta ya baba yake. Fundi wa mjini ameitengeneza, sasa inazunguka vizuri, lakini haina sindano. Nilimwomba Bibi aiache santuri redioni mpaka sindano ipatikane. Alikataa. Aliifunga tena kwa khanga akaenda nayo nyumbani. Alisema tutakapokuwa tayari nimpelekee habari, naye ataileta mwenyewe.