Kuvu ya Bafuni Haiishi kwa Jiki

Mvua za Mei mwaka jana zilimkuta mamangu kwangu, amekuja kukaa wiki mbili. Siku ya pili akatoka bafuni akaniuliza, "Mwanangu, humu mwaoga ama mwafuga kuvu?"

Niliona haya. Ule ukanda wa silikoni unaoziba mwanya kati ya vigae na sakafu, mahali pa kuogea, ulikuwa umejaa madoadoa meusi. Kwetu Mvita koga ni kuoga, na koga ni hiyo kuvu vilevile. Kwangu vilikuwa vimeshikana.

Nikamwaga jiki, weusi haukutoka. Nikaongeza asidi ya kusafishia choo. Huo ulikuwa ujinga mkubwa. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho, koo na mapafu. Nilitoka mbio nikikohoa, na mama, ambaye ana pumu, amekaa ukumbini hatua chache tu. Tulimtoa barazani, akavuta dawa yake, akatulia baada ya muda, alhamdulillahi. Basi kabla ya lolote: jiki usiichanganye na asidi, wala siki, wala dawa yenye amonia.

Sasa kuvu yenyewe. Mbegu zake hupeperuka hewani na huwezi kuzifungia nje. Zikitua, zataka chakula na unyevu. Chakula si silikoni, bali mabaki ya sabuni na mafuta ya mwili yanayoganda juu yake. Unyevu ndio tulionao tele. Hewa ya Pwani ni nzito kwa maji, na bafu za fleti nyingi zina kidirisha kinachotazama shimo la hewa lisilofika upepo wala jua. Wazee waliopaka kuta chokaa walijua walifanyalo, maana chokaa mbichi ni kali na kuvu haioti juu yake kwa urahisi.

Kwa hivyo kazi kubwa ni kukausha. Kwangu sasa kila anayeoga hufuta maji ya ukutani na sakafuni kwa kifagio cha mpira, kisha hupitisha kitambaa kikavu juu ya ile silikoni. Haichukui dakika mbili, ingawa watoto walinung'unika kama wameambiwa wachimbe kisima. Mlango na dirisha huachwa wazi. Chupa za shampuu hazikai tena pembeni, kwa sababu chini yake maji hayakauki. Mara moja kwa wiki twasugua kwa sabuni na brashi laini. Brashi ngumu hukwaruza silikoni, na kuvu hupata pa kujificha.

Madoa yakianza, lowesha vipande vya tishu kwa jiki peke yake, vibandike juu ya ukanda kwa muda wa saa moja, dirisha likiwa wazi na mikono imevaa glavu, kisha suuza kwa maji mengi. Mwenye pumu asiwe karibu. Weusi ukibaki, au ukirudi baada ya siku chache, jua kuvu imeingia ndani ya silikoni, na hapo jiki utamaliza bure.

Dawa ni kuikata. Fundi wangu alitaka kupaka mpya juu ya ya zamani, nikamkatalia. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu, na kuvu hubaki imefunikwa. Tuliikwangua yote kwa wembe, tukasafisha mwanya, tukauacha ukauke siku mbili. Dukani ulizia silikoni ya bafuni, iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, si ile ya madirisha. Hiyo dawa nayo hupungua nguvu kwa miaka, kwa hivyo kitambaa hakiachwi.

Ikishapakwa, usiiguse maji kwa saa 24 au kama mrija wake ulivyoandikwa. Bafu letu ni moja, tukaoga kwa jirani. Mama ameshasema mvua za mwaka huu atakuja tena, na atakapoanzia kukagua napajua.