Takwimu kwa Mwanafunzi (3): Maduara 11 ya Magamba

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulijifunza kukusanya takwimu na kuzipanga kwenye jedwali la marudio. Leo tunafika kwenye vipimo vitatu anavyokutana navyo kila mwanafunzi wa sekondari: wastani, mediani na modi. Kanuni za vyote vitatu zinaenea kwenye nusu ukurasa wa daftari, na mwalimu mwenye haraka anazimaliza kwa kipindi kimoja. Ndiyo maana wanafunzi wengi wanatoka darasani wakijua kuvikokotoa, lakini ukimwuliza mmojawao kipi kinafaa kwa jambo gani, anatazama dari.

Twende Magamba, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Mpanda ni mji uliokuzwa na madini. Reli ya kutoka Kaliua ilivutwa hadi huku enzi za Mwingereza kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Risasi ile imebaki historia. Siku hizi kinachowatoa watu makwao na kuwaleta Magamba ni dhahabu, na wengi wao ni wachimbaji wadogo.

Tuchukulie kuna maduara 11, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyofanya kazi kwa wiki moja. Mawe yametolewa, yamesagwa kwenye karasha, yamepitishwa kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu, na kila duara limepata chake. Takwimu hizi nimezitunga ili hesabu ikae vizuri, ila sura yake mchimbaji yeyote ataitambua. Kwa gramu, kwa mpangilio zilivyoandikwa kwenye daftari la kikundi:

0.8, 0.5, 1.1, 0.5, 0.9, 0.6, 14.2, 0.5, 1.3, 0.7, 0.9

Duara moja limetema. Mengine yametoa hela ya unga na dizeli.

Tuanze na wastani, maana ndio unaotajwa kila mahali. Jumlisha zote: gramu 22. Gawanya kwa idadi ya maduara, 11. Unapata gramu 2. Jibu halina desimali wala shaka, na mwalimu ataweka vema. Sasa rudi kwenye orodha utafute duara lililopata gramu 2, au hata lililokaribia. Halipo. Maduara 10 kati ya 11 yako chini ya wastani, na lile moja lililobaki limeupita mara saba. Kijana wa Sumbawanga akiambiwa kwamba Magamba duara linatoa gramu 2 kwa wiki kwa wastani, akauza ng'ombe aje kuchimba, kihesabu hajadanganywa. Amepewa jibu la swali ambalo yeye hakuuliza.

Swali lake lilikuwa: duara la kawaida, la mtu asiye na bahati ya pekee wala mkosi wa pekee, linapata nini? Hilo linajibiwa na mediani. Panga takwimu kuanzia ndogo hadi kubwa:

0.5, 0.5, 0.5, 0.6, 0.7, 0.8, 0.9, 0.9, 1.1, 1.3, 14.2

Chukua idadi, ongeza 1, gawanya kwa 2: unapata 6. Takwimu ya 6 ni 0.8. Maduara 5 yako chini yake, 5 yako juu yake. Hapa pana mtego unaowakamata wengi: mwanafunzi anahesabu hadi ya 6 kwenye orodha ambayo hajaipanga, anaandika 0.6, kisha anashangaa kukosa alama. Mediani bila kupanga haipo. Na idadi ikiwa shufwa, katikati panakuwa na takwimu mbili. Zijumlishe, ugawanye kwa 2.

Modi ni rahisi kuliko zote: takwimu iliyojirudia mara nyingi zaidi. Hapa ni 0.5, iliyotokea mara 3.

Kwa hiyo tuna majibu matatu kwa wiki ileile: 2.0, 0.8 na 0.5. Sasa fanya jaribio dogo. Lifute lile duara la gramu 14.2, kama kwamba wiki ile halikutema na jina lake halikuandikwa. Jumla inashuka hadi gramu 7.8 na wastani unakuwa 0.78. Mediani ya maduara 10 yaliyobaki ni 0.75. Modi haikutikisika. Wastani umepoteza zaidi ya nusu kwa kuondoka kwa duara moja, wakati mediani imesogea kidogo mno. Kwenye mapato, bei za viwanja, mishahara, na popote penye wachache waliojaliwa sana, wastani hufuata wale wachache.

Hata hivyo nisieleweke kwamba wastani ni kipimo kibaya. Siku hizi kuna ushabiki wa mediani ambao nao una kasoro. Kama maduara yale 11 ni ya ushirika mmoja na wanachama wamekubaliana kugawana sawa, kila duara litapata gramu 2, na hapo mediani haina kazi kabisa. Zidisha 0.8 kwa 11 uone: unapata 8.8, na gramu zaidi ya 13 zimepotelea hewani. Wastani pekee ndio unaokurudisha kwenye jumla. Anayekokotoa mrabaha wa Serikali, anayenunua dizeli ya karasha kwa mwezi, anayepanga mzigo wa malori, wote hao wanaishi kwa jumla, na wastani ni wao.

Modi nayo ina watu wake. Mwenye duka la gambuti pale Mpanda mjini hana haja na wastani wa namba za miguu ya wachimbaji. Wastani unaweza kuwa 8.3, na hakuna kiwanda kinachotengeneza gambuti namba 8.3. Anachotaka kujua ni namba ipi inaulizwa zaidi, ili alete hiyo kwa wingi. Tena modi ndicho kipimo pekee kati ya hivi vitatu kinachofanya kazi pasipo namba wala mpangilio: unaweza kupata modi ya dini, ya kabila au ya timu ya mpira, lakini huwezi kupata wastani wa Simba na Yanga.

Unajuaje kama takwimu ulizo nazo zimeelemea upande mmoja? Linganisha wastani na mediani. Kwa mfano, mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza, watu walilipa kiingilio wakakisia uzito wa maksai mmoja baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Msomi Francis Galton aliomba zile karatasi, akapata 787 zinazosomeka, na mwaka 1907 akatangaza matokeo kwenye jarida la Nature. Alipendelea mediani, kwa hoja kwamba kwenye wastani mtu mmoja mwenye makisio ya ajabu anawaburuta wenzake wote. Mediani yake ilikosa uzito halisi, ambao ulikaribia pauni 1,200, kwa chini ya asilimia 1. Kichekesho ni kwamba wastani, alipokuja kuukokotoa, ulikuwa karibu zaidi. Sababu ni kwamba waliozidisha na waliopunguza walikuwa pande zote mbili, wakafutana. Yeyote aliyesimama kwenye mnada wa ng'ombe na kusikiliza Wasukuma wakibishana uzito wa dume ataamini kwamba makosa yao pia yanakwenda huku na huku. Dhahabu haina tabia hiyo: hakuna duara linaloweza kupata chini ya sifuri, lakini juu hakuna dari. Pale Plymouth vipimo viwili vilikaa karibu. Magamba kimoja ni mara mbili na nusu ya kingine. Ukiona pengo kama hilo, ujue kuna takwimu chache kubwa mno, uzitafute.

Sasa tuje kwenye jedwali la marudio, ambako ndiko alama nyingi za mtihani hupotea. Haya ni matokeo ya jaribio lenye alama 50 kwa wanafunzi 40 wa darasa la kubuni:

Alama 10: wanafunzi 6
Alama 15: wanafunzi 11
Alama 20: wanafunzi 7
Alama 25: wanafunzi 4
Alama 35: wanafunzi 3
Alama 40: wanafunzi 5
Alama 45: wanafunzi 4

Mwanafunzi asiye makini atajumlisha safu ya alama, 190, agawanye kwa 7, apate 27.1. Kwa mediani atatazama safu ileile, achague iliyo katikati, 25. Kwa modi ataandika 11, kwa sababu ndiyo namba kubwa kwenye safu ya marudio. Yote matatu ni makosa, na yote yana chanzo kimoja: amesahau kwamba kila mstari wa jedwali ni watu. Mstari wa pili si namba 15 moja. Ni watoto 11, kila mmoja na alama zake 15.

Tuwarudishe wale watoto. Kwa wastani, zidisha kila alama kwa marudio yake: 60, 165, 140, 100, 105, 200, 180. Jumla ni 950. Gawanya kwa 40, unapata 23.75. Kwa mediani, watoto ni 40, hivyo tunawatafuta wa 20 na wa 21. Limbikiza marudio: 6, kisha 17, kisha 24. Wa 20 na wa 21 wote wamo kwenye mstari wa tatu, basi mediani ni 20. Modi ni alama 15, waliyoipata wengi.

Kwa kuwa kwenye mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne kikokotoo hakiruhusiwi, njia ya wastani wa kukisia inaokoa muda. Chagua alama yoyote iliyo karibu na katikati, tuseme 25. Andika kila alama imeipungukia au kuizidi kwa kiasi gani: -15, -10, -5, 0, 10, 15, 20. Zidisha kwa marudio: -90, -110, -35, 0, 30, 75, 80. Jumla ni -50. Gawanya kwa 40 upate -1.25, kisha ongeza kwenye 25 uliyoikisia: 23.75. Jibu ni lilelile, na namba ulizobeba kichwani ni ndogo. Hata ungekisia 15 au 40 lingekuja hilohilo.

Itazame tena orodha ya darasa hilo. Hakuna mtoto aliyepata 23.75, na waliopata 25 ni 4 tu. Kuna kundi kubwa chini na kundi dogo juu, na wastani umeangukia kwenye uwazi kati yao. Mwalimu akiandaa somo la mwanafunzi wa wastani, anaandaa somo la mtu ambaye karibu hayupo. Tatizo hilo hukua zaidi wastani unapobebeshwa shule nzima. Kwa miaka mingi matokeo ya taifa yalitangazwa pamoja na shule zilizoongoza, zikipangwa kwa wastani, hadi Baraza la Mitihani lilipoacha utaratibu huo Januari 2023. Mimi niliupokea uamuzi ule kwa furaha. Shule inayochagua wanafunzi 40 waliofaulu sana na shule ya kata inayopokea kila anayekuja haziwezi kuelezwa kwa namba moja kila upande.

Ramani nayo ina wastani wake. Sensa ya 2022 iliwakuta watu 1,152,958 mkoani Katavi, kwenye eneo la kilomita za mraba 45,843. Huo ni wastani wa watu 25 kwa kila kilomita ya mraba. Lakini kilomita za mraba 4,471 ni Hifadhi ya Taifa ya Katavi, makazi ya viboko na nyati. Ukiitoa hifadhi hiyo peke yake wastani unapanda hadi karibu 28, na bado hujaigusa misitu. Sensa ya 2012 ilikuwa imewakuta watu 564,604, yaani kwa miaka kumi mkoa umeongezeka zaidi ya maradufu. Watu hao wamekuja na watoto, na watoto wanataka vyumba vya madarasa, jambo linalotuleta kwenye zoezi.

Shule ya msingi ya kubuni ina vyumba 7, kimoja kwa kila darasa, kuanzia la saba kurudi hadi la kwanza. Idadi ya wanafunzi ni 38, 41, 44, 44, 52, 118 na 146. Kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 45 kwa chumba.

(a) Tafuta wastani, mediani na modi ya wanafunzi kwa chumba.

(b) Ofisa mmoja anasema shule haina tatizo, kwa kuwa chumba cha kawaida kiko chini ya 45. Ametumia vipimo gani?

(c) Sasa usiwaulize vyumba, waulize watoto. Wapange wanafunzi wote 483 kwenye mstari mmoja, kila mmoja ataje idadi ya walio chumbani mwake, kuanzia vyumba vyenye wachache. Mtoto wa katikati, yaani wa 242, atataja namba gani?

Majibu yatatoka wiki ijayo, pamoja na somo la takwimu zilizopangwa kwa makundi. Anayeishi karibu na shule na akaweza kupata idadi halisi ya wanafunzi kwa kila chumba, atumie hizo badala ya zangu.